Mpaka wa Kabichi na Vitunguu

Jumamosi, 2 Septemba

Nimepata bahati! Mungu asifiwe, na jirani yangu Urbain aone wivu kidogo tu, si sana, maana ni mtu mwema.

Niandike kwa utaratibu. Urbain ni mtu wa serikali. Wamemtuma hapa Butembo kutoka Mbandaka, anapokea mshahara, anavaa shati lililopigwa pasi hata siku ya salongo, kazi ya pamoja ya mtaa, wakati wengine tunazibua mifereji. Mwezi uliopita alitengeneza matuta ya kuinuliwa, yale anayoyaita plate-bande. Ni kama sanduku la mbao lisilo na mfuniko wala sakafu: unalijaza udongo na mbolea, unapanda juu, na mvua ikipiga mteremko udongo wako hautoroki kwenda kwa mwingine. Mbao zake zimerandwa. Kabichi zake zimesimama kwa mstari. Kila asubuhi ananiuliza juu ya ua, "Voisin, na weye utaanza siku gani?"

Nimeanza leo! Tena bila kununua hata ubao mmoja. Nyuma ya chapeli walibomoa ua wa zamani, na vijiti vyake vililala juani kiangazi chote, vikavu kama mifupa. Nilimwuliza mlinzi. Akasema nibebe vyote, vinamkwaza miguu. Nikamshukuru mara nyingi mpaka akaingia ndani.

Florentine, mke wangu, alivitazama akasema hii ni miti ya mpaka. Nilijua! Mnande gani asiyeujua mti wa mpaka, ule wa majani marefu kama panga? Ukiupanda mbele ya majirani umesema: kuanzia hapa ni kwangu. Na asitokee mtu wa kuung'oa. Lakini hii imekufa. Nilimweleza kwamba mti uliokufa hausemi kitu. Akajibu, "Papa Élise, hii miti inajuaka kujifanya." Nilicheka sana.

Tukavileta vyote nyumbani. Yeye alibeba, mimi nilitangulia kuonyesha njia.

Jumanne, 5 Septemba

Ujumbe kutoka Musienene! Baba mkwe wangu, Baba Syauswa, atakuja Jumapili ya kwanza ya Oktoba baada ya misa. Anataka kuona tumefanya nini na ardhi yake.

Maana ardhi hii si yangu. Naandika hivyo bila aibu, kwa shukrani. Tulipokimbia vita Beni tulikuwa na magodoro mawili, redio, na mtoto wetu Élise mgongoni mwa mama yake. Duka langu la chaja na betri nililiacha na kufuli mlangoni, na nadhani siku hizi hata kufuli halipo. Baba Syauswa hakuuliza maswali. Alisema tuingie katika nyumba yake hii ndogo ya huku pembeni ya mji, tulime kiwanja chake, hataki kitu ila kuku mmoja kwa mwaka. Ndiyo muhako: anayelima ardhi ya mwingine humpelekea kuku, ili ardhi isimsahau mwenyewe. Mtu akitupa mahali pa kulala kwa bei ya kuku, nitasema nini? Asante, basi.

Tatizo ni shemeji yangu, Jean-de-Dieu. Huyu anataka kiwanja kiwe dépôt ya mbao. Amemwambia baba yake kwamba mimi ni mtu wa duka, sijui jembe linashikwa upande gani. Ni uongo, upande mmoja una chuma. Basi Baba ameamua: akikuta kiwanja kimezaa, tunabaki. Akikuta kimelala, ni cha Jean-de-Dieu, na sisi tutafute pengine.

Florentine alisoma ujumbe, akausoma tena, akaenda kuchukua jembe. Mimi nilichukua karatasi nikachora mpango.

Ijumaa, 8 Septemba

Matuta matatu yamesimama! La kabichi, la vitunguu, la lengalenga, ule mchicha wetu. Nilisimamia kazi yote. Florentine alichimba, akapigilia vijiti kimoja kando ya kingine kuzunguka kila tuta, akaleta udongo mweusi kutoka bondeni kwa beseni, akachanganya na samadi. Mimi nilihakikisha mistari imenyooka. Mgongo unaniuma kwa sababu ya kuinama kutazama.

Mama Tamar, mjane wa nyumba ya chini, alipanda polepole na fimbo yake kuja kuona. Alitazama vijiti kwa muda mrefu. Akaniuliza kama Syauswa anajua. Nikamwambia itakuwa surprise. Akasema "Eeeh," kisha akatuzawadia kuku jike mwenye madoa, kwa sababu nyumba yenye mtoto mdogo inahitaji mayai. Hatukumwomba! Watu wa hapa ni wema kupita kiasi. Élise amemwita kuku huyo Précieuse, yaani amesema "Pesi," sisi tukamalizia.

Sasa kuku wetu ni watatu. Précieuse. Julie, wa kijivu, mnene, ambaye ndiye nimemwekea Baba Syauswa kwa muhako wa mwaka huu. Na jogoo, Préfet, anayetembea kama mkuu wa shule aliyesikia kelele darasani.

Jumatano, 13 Septemba

Kuku wamefukua vitunguu. Vyote! Ilitosha nusu saa, nami nilikuwa nalinda nimefumba macho kidogo tu.

Florentine alisema tujenge kibanda cha kuku. Nilimwambia kibanda ni fikra ya watu wa zamani. Kosa la kuku si kutembea, kosa lake ni kucha. Ukifunika kucha, kuku atatembea bustanini kama mgeni wa heshima, atakula wadudu, ataacha mbolea, ataondoka. Nikachukua soksi za Élise.

Kumvisha kuku soksi si kazi ya mtu mmoja. Précieuse alikubali, ni mpole. Julie alinikwaruza shingo. Préfet alivaa zake mbili nyekundu, akasimama, akanyanyua mguu mmoja, akautazama, akanyanyua wa pili, akaanguka. Kisha aliinuka kwa hasira kubwa, akaruka ua, akaingia kwa Urbain katikati ya kikao. Wakubwa wake wa bureau walikuwa wamekuja kuona plate-bande zake. Ripoti niliyoipata ni kwamba walisahau plate-bande.

Jioni Urbain aliniletea Préfet chini ya kwapa na soksi moja mfukoni. Alikuwa na machozi. Nilidhani ni hasira, kumbe alikuwa amecheka mpaka akashindwa kuongea Kifaransa. Akasema huko kwao Mbandaka mambo mengi ameona, mais jogoo ya chaussettes hapana.

Florentine alipanda vitunguu upya bila kusema neno. Namshukuru kwa hilo la kutosema.

Jumatatu, 18 Septemba

Balaa!

Mvua imenyesha siku kadhaa mfululizo, nasi tukafurahi, kabichi zimeshika. Leo asubuhi nilitoka na chai yangu kuzitazama. Juu ya kijiti cha kona, kitu cha kijani. Nikadhani ni panzi. Nikakipuliza. Hakikuruka.

Ni jani.

Nilizunguka matuta yote. Vijiti vimechipuka! Karibu vyote! Mifupa ile! Yaani katikati ya kiwanja cha baba mkwe wangu nimepanda mipaka mitatu kamili, pande zote nne, kama mtu aliyejigawia ardhi na watoto wake wasiozaliwa. Na Baba Syauswa anakuja baada ya wiki mbili.

Nilimwita Florentine. Alisimama mikono kiunoni. Nilimwambia asiogope. Akasema haogopi, anakumbuka tu maneno aliyosema siku ile ya chapeli. Nikamwambia huu si wakati wa kukumbuka. Nilipotaka kuving'oa alinishika mkono: mizizi imeshaingia kwenye udongo wa matuta, nikivivuta vitaondoka na kabichi, na kiwanja kitaonekana kama kimelala. Kisha akasema pia, kwa sauti ya chini, kwamba mti wa mpaka ukishashika hauvutwi hivihivi na mtu mmoja asubuhi. Hata yeye, aliyekwenda shule, alisema hivyo. Hata mimi, ukweli, mkono ulikuwa mzito.

Alhamisi, 21 Septemba

Mpango wa kwanza: kukata majani kila asubuhi kabla majirani hawajaamka. Matokeo: palipokuwa na jani moja sasa yako mawili. Miti hii inapenda kukatwa. Inanenepa.

Mpango wa pili: kuivisha. Niliomba makopo matupu ya maziwa kwenye duka la kona. Yule muuzaji alinipa gunia zima, Mungu amzidishie wateja. Nikafunika kila kijiti kopo. Kutoka barabarani huoni jani hata moja, unaona bustani ya makopo yanayong'aa, nikajisemea kwamba huenda ndiyo style ya Ulaya.

Kisha mvua ikaja. Mvua ya Butembo juu ya makopo yale yote! Élise alicheza. Kuku walipanda juu ya paa. Mama Tamar alituma mtu kuuliza ni sherehe gani, na mbona yeye hakualikwa. Florentine alitoka na mwavuli akayaondoa moja moja, akayapanga jikoni, na kusema yatafaa kuotesha miche. Ana akili sana mke wangu. Huwa namwambia.

Jumamosi, 23 Septemba

Leo nimepongezwa.

Urbain alikuja na chupa ya kasiksi, pombe ya ndizi aliyojifunza kuipenda hapa kwetu. Aliniambia ameuliza bureau maana ya miti ile, wakamweleza kwamba ni miti ya mwenye mali. "Ndeko, félicitations! Njo unanunua parcelle na unanyamaza?" Nilitaka kumsahihisha kwamba sikununua kiwanja chochote. Nilifungua kinywa kabisa. Lakini alikuwa amefurahi kwa ajili yangu, kwa moyo safi, na chupa ilikuwa imeshafunguliwa. Si adabu kumkatalia mtu furaha yake. Nilisema tu kwamba Mungu ni mwema, jambo ambalo si uongo.

Wakaja wengine wawili. Wakanipa mkono. Mmoja aliniita propriétaire, mwenye ardhi. Neno hili, ukiambiwa baada ya kuhama mji wako na magodoro mawili, linaingia mwilini kama supu ya moto. Nilikaa nalo dakika chache. Nilinyoosha miguu.

Nilipoinua macho, Jean-de-Dieu alikuwa amesimama kwenye njia na mototaksi yake ikiunguruma. Alisalimia kila mtu kwa heshima. Aliinua simu, akaipiga picha miti, akanipiga picha mimi na glasi yangu. Kisha akasema anapeleka salamu Musienene.

Sikulala vizuri. Florentine pia hakulala, alikuwa anatazama paa na kufikiri.

Alhamisi, 28 Septemba

Florentine ameondoka alfajiri kwenda soko la Musienene kutafuta mbegu za maharagwe. Alikuwa amejitanda kitenge kizuri, kile cha misa, na kikapu amekifunika. Kikapu kilikuwa kinatoa sauti. Nilimwambia kimechakaa, anunue kingine.

Saa mbili asubuhi, janga jipya: Julie hayupo! Kuku wa muhako! Nimetafuta chini ya kitanda, kwenye mfereji, kwa Mama Tamar. Précieuse anaatamia katikati ya lengalenga, hagusiki, ukimkaribia anavimba kama mkate. Préfet yupo, lakini nani atampelekea baba mkwe jogoo ambaye mji mzima umemwona na soksi?

Baba atakuja, atakuta mipaka ya mwizi, na hata kuku wa kumtambua kama mwenye ardhi hayupo. Jean-de-Dieu hatahitaji kufungua kinywa.

Nimefikiri sana nani amemchukua Julie. Kuku hajui kufungua mlango. Nani ana poulailler kubwa, kibanda kizima cha kuku? Nani alijua kwamba Julie ni mnene? Sitaki kumtaja mtu. Urbain.

Ijumaa, 29 Septemba

Nilikwenda kwa Urbain wakati wa chakula cha mchana. Kwa akili. Nilisema nimekuja kuazima chumvi. Jikoni sufuria ilikuwa inachemka na harufu ilikuwa nzito. Nilizungumza juu ya kuku kwa ujumla. Nikasema kuna kuku ambao ni zaidi ya kuku, kuku ambao mtu akiwala anakula nyumba ya mtoto mdogo. Nikasema simlaumu mtu. Na sauti yangu ikakatika, jambo ambalo halikuwa kwenye mpango.

Urbain alifunua sufuria. Makayabo. Samaki wa chumvi, wa kwao, na wali.

Nilitaka ardhi inimeze. Lakini alinivutia kiti, akanipakulia, akaniuliza tatizo ni nini hasa. Nikamweleza, karibu yote. Niliruka kidogo pale kwenye propriétaire. Alisikiliza, akanawa mikono, akaenda nyuma, akarudi na kuku mweupe, mkubwa, mzuri kuliko Julie alivyowahi kuwa. Akasema, "Kamata. Bokilo, baba mukwe, hapana kumupokea na mikono bure. Hata kwetu iko vile."

Nilitembea nyumbani na kuku wa mtu niliyemwita mwizi katika daftari langu mwenyewe. Mungu wangu, nimezungukwa na watu wazuri na siwastahili. Nimemwombea Urbain apande cheo. Apande hapahapa, wasimhamishe.

Jumapili, 1 Oktoba

Siku yenyewe.

Baba Syauswa alishuka kwenye mototaksi ya Jean-de-Dieu, kofia mkononi. Salamu zilikuwa ndefu na nzuri. Alimbeba Élise. Kisha akaingia bustanini peke yake, tukamfuata kwa mbali.

Naomba niseme ukweli: bustani ilikuwa nzuri! Kabichi zimetanua majani, vitunguu vimesimama, lengalenga imejaa, na Précieuse katikati yake amekaa kama mama mkuu wa masista. Lakini kuzunguka kila tuta, majani ya mpaka, marefu sasa, ya kijani kibichi, yanapunga.

Baba alisimama. Akaniuliza bila kupandisha sauti, "Lusenge, hii mipaka ni ya nani?"

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Ilipotea. Nikajibu, "Baba, ni ya kabichi na vitunguu."

Jean-de-Dieu akacheka, si kicheko cha upendo. Akatoa simu akaonyesha picha: mimi, miguu imenyooshwa, glasi mkononi. Akasema mume wa dada yake anapokea pongezi za ardhi ya baba yake. Nilitaka kukana, lakini Urbain, rafiki yangu, alikuwa ameegemea ua wake na alitaka kunisaidia. Akapaza sauti, "Oui, Papa! Ni yeye propriétaire, sisi bote tulimupongeza!"

 Jean-de-Dieu akarudisha simu mfukoni, ameridhika.

Basi nilikimbia nikamleta kuku mweupe. Nilipiga goti moja, nikamnyooshea kwa mikono miwili. Nikasema muhako huu hapa, Baba, ardhi ni yako, na sisi ni watoto wako, na miti hii ilikuwa imekufa, nakuapia ilikuwa imekufa.

Baba Syauswa alimtazama kuku. Akasema, "Ingine tena? Ile ya siku ya soko nilisha kula."

Nilimgeukia Florentine. Alikuwa anatazama kabichi.

Baba akaeleza polepole, kwa manufaa yangu na ya Jean-de-Dieu. Binti yake alikwenda Musienene na kuku wa kijivu kikapuni. Alimwambia yote kabla Jean-de-Dieu hajamwonyesha picha: vijiti vya chapeli, makopo, hata soksi. Hakumficha kitu na hakunitetea sana. Alisema, "Baba, bwana yangu alifanya ujinga. Mais udongo ilikubali. Kuja uone." Ndiyo maana amekuja kuona.

Kisha akaomba mikono yetu. Yangu kwanza. Nilikuwa nimeinawa kwa sabuni kwa ajili ya misa, nikajivuna kidogo. Akairudisha. Akashika ya Florentine, akaigeuza, akapitisha kidole gumba juu ya malengelenge, yale ya zamani na yale mapya. 

Akasema watu wameshaona miti. Akiing'oa, kesho watasema Syauswa amemfukuza mtoto wake aliyetoka Beni bila kitu. Na yeye, "mimi hapana mutu ya kung'oa mupaka yenye ilishika." Basi mipaka ibaki. Lakini itapandwa upya, vizuri, kuzunguka nyumba na bustani yote, mbele ya mashahidi. Jumamosi.

Niliruka! Nilimshukuru, nikamwita baba yangu wa pili, nikaanza kusema nitakavyoitunza ardhi yangu. Akasubiri nimalize.

Akasema, "Hapana yako. Ya Florentine."

Jean-de-Dieu alisema binti hapewi ardhi, tangu lini? Baba akasema ni kweli, hivyo ndivyo walivyozoea, na yeye mwenyewe alizoea hivyo mpaka siku ya soko. Kisha akamwambia mwanawe atamtafutia mahali pa mbao karibu na barabara kubwa, ambako magari yanafika, na aache kununa. Jean-de-Dieu akaifikiria kidogo hiyo barabara kubwa. Akaacha kununa.

Siku tuliyotoka Beni Florentine hakulia. Hakulia njiani, wala usiku wa kwanza hapa. Leo alikwenda nyuma ya nyumba, nikamkuta amekaa juu ya beseni la udongo, analia na kitenge cha misa usoni. Nilikaa chini karibu naye. Sikuwa na mpango wowote. Nilikaa tu.

Jumamosi, 7 Oktoba

Imefanyika! Mashahidi: Mama Tamar kwenye kiti, majirani, na Urbain aliyevaa tai, mwenye fahari kama mzee wa Kinande aliyezaliwa hapa. Vijiti vilitolewa matutani kimoja kimoja, kwa adabu, na udongo wake wa mizizi. Baba Syauswa alipanda cha kwanza. Florentine alipanda cha pili. Kisha kila jirani akapanda kimoja, ili kesho asiwepo wa kusema hakuona. Kasiksi ikanywewa.

Matuta yalibaki bila kingo na udongo ukaanza kumwagika. Nilikuwa tayari kuhuzunika, lakini Urbain alileta mbao zilizobaki za plate-bande zake, zimerandwa, akazipigilia mwenyewe mpaka tai ikaingia kwenye kabichi. Nilitaka kumrudishia kuku mweupe. Alikataa. Huyu mtu!

Mwisho Baba Syauswa alisimama kuaga. Akanyoosha kidole kwangu mbele ya wote, akasema jambo moja limebaki. Anayelima ardhi ya mwingine anajua wajibu wake. Kila mwaka Lusenge atamletea mwenye ardhi kuku mmoja, mnene.

Wote wakacheka. Nami nikacheka, nikaangalia Florentine. Yeye hakuwa anacheka. Alikuwa ananyoosha mikono miwili, kwa adabu kamili, kumpokea kuku mweupe.

Nikampa. Sijawahi kutoa kitu kwa furaha kama hiyo.

Jumamosi, 14 Oktoba

Habari njema juu ya habari njema. Précieuse ameangua! Vifaranga wako chini ya lengalenga na Élise anawaita wote Pesi. Jean-de-Dieu ameleta karoti, tumekula pamoja, amesema biashara ya mbao inatembea vizuri. Namshukuru Mungu kwa kila mtu katika mtaa huu.

Florentine amekwenda Musienene kumpelekea baba yake lengalenga ya kwanza. Kabla ya kuondoka alisema vifaranga wanahitaji kibanda sasa, na safari hii si cha mawazo. Nimeona anasema kweli. Nataka akirudi akikute kimesimama.

Na bahati yangu haijaisha! Nyuma ya jiko nimekuta fungu la vijiti vilivyobaki vya chapeli, vile ambavyo havikutumika. Safari hii nimekuwa mwangalifu. Nimekigonga kila kimoja juu ya jiwe. Kimoja nimekiuma. Vikavu kabisa, vimekufa bila shaka yoyote.

Mahali nilipochagua ni upande wa juu, tunakopakana na bustani ya masista. Kwetu kuna mteremko, kwao ni tambarare, basi kibanda kimevuka kidogo kuingia kwao, hatua chache. Masista ni wakarimu, hawataona vibaya. Vijiti vyote nimevipigilia mwenyewe, kwa mikono yangu, na malengelenge ninayo ya kumwonyesha Baba Syauswa. Urbain alinitazama juu ya ua akauliza kama nina hakika. Nikamwambia asiogope.

Nimemaliza kwa wakati mzuri, mvua ndiyo inaanza.